Testa ya Pawasaplai kwa Kompyuta ya Kujiundia Isiyowaka

Kifaa ninachokieleza hapa ni testa ndogo ya kupimia pawasaplai, yaani kile kipuri kinachoigawia kompyuta umeme wa ukutani. Ni kisanduku cha kutosha kiganjani chenye soketi pembeni na kioo kidogo katikati, ambacho huuzwa bila jina la mtengenezaji katika maduka ya vipuri vya kompyuta na kwa wauzaji wa mtandaoni. Isichanganywe na testa ya bisibisi ya mafundi umeme, ile inayowasha kitaa chake ikigusa waya wenye moto. Hii kazi yake ni moja tu: kusoma volteji zinazotoka kwenye pawasaplai ya kompyuta ya mezani na kuonyesha kama zimo ndani ya kiwango. Niliinunua kwa sababu ya tatizo ambalo anayejiundia kompyuta hukutana nalo siku moja, nalo ni kwamba vipuri vyote vimefungwa, nyaya zote zimechomekwa, kitufe kinabonyezwa, na hakuna kinachotokea. Hukumu yangu naitanguliza kwa faida ya msomaji mwenye haraka. Testa hii inaaminika sana inaposema kwamba pawasaplai imekufa, na inaaminika kidogo inaposema kwamba ni nzima.

Sababu ya tofauti hiyo itaeleweka tukiangalia kitufe cha kuwashia kinafanya kazi gani hasa. Wengi hudhani kitufe hicho hukata na kuunganisha umeme kama swichi ya ukutani, na dhana hiyo ndiyo inayowafanya waikimbilie pawasaplai kila kompyuta inapogoma. Tangu Intel ilipotoa kiwango cha ATX, yaani kanuni za maumbo na umeme wa vipuri vya kompyuta za mezani, mwaka 1995, pawasaplai haizimiki kabisa maadamu imechomekwa na swichi yake ya nyuma imewashwa. Hutoa volti 5 za kusubiri kwenye waya wa zambarau, na umeme huo mdogo ndio unaoiweka macho mazabodi, ule ubao mkuu unaounganisha vipuri vyote, hata kompyuta ikiwa imezimwa. Kitufe kinapobonyezwa, mazabodi hushusha volteji ya waya wa kijani hadi karibu na sifuri, na hiyo ndiyo amri ya pawasaplai kuamka. Ikishaamka na volteji zake zikatulia, pawasaplai hutuma ishara kwenye waya wa kijivu kwamba umeme uko sawa, na prosesa haianzi kazi kabla ishara hiyo haijafika. Kwa hiyo kati ya kidole cha mtumiaji na feni kuzunguka kuna kitufe, waya wake mwembamba, pini mbili za mazabodi, saketi za mazabodi zinazolishwa na volti 5 za kusubiri, na ndipo pawasaplai. Kokote kati ya hapo pakikatika, kompyuta itakaa kimya vilevile.

Testa huchukua nafasi ya mazabodi katika mlolongo huo. Plagi kubwa ya pini 24 inapochomekwa ndani yake, yenyewe huunganisha waya wa kijani na waya mweusi wa ethi, pawasaplai ikaamka, na kioo kikaonyesha volti 12, volti 5, volti 3.3, volti hasi 12, volti 5 za kusubiri, pamoja na muda ambao ishara ya umeme kuwa sawa imechukua, kwa milisekunde. Baada ya hapo unachomeka plagi nyingine kwa zamu: ile ya pini 8 inayolisha prosesa, ya pini 6 au 8 inayolisha kadi ya picha, ya diski za SATA, na ile ya zamani ya pini nne inayoitwa Molex. Karatasi ya maelekezo inaonya kwamba plagi ya prosesa na ya kadi ya picha zisichomekwe kwa wakati mmoja, na onyo hilo liheshimiwe. Volteji inapokosekana au ikiwa chini mno kioo huandika LL, ikizidi huandika HH, na katika hali zote mbili kifaa hupiga mlio wa kukera ambao, kwa bahati mbaya, hauna namna ya kupunguzwa.

Kabla ya vifaa hivi kuenea, mafundi walitumia kipande cha waya au kibanio cha karatasi kuunganisha tundu la waya wa kijani na tundu la waya mweusi, kisha wakatazama kama feni ya pawasaplai itazunguka. Njia hiyo bado inafanya kazi, na mwenye uangalifu hatadhurika, lakini jibu lake ni pungufu. Feni inayozunguka huthibitisha kwamba kuna volti 12 za namna fulani, bila kusema lolote kuhusu volti 5, volti 3.3 wala ishara ya waya wa kijivu. Zaidi ya hayo, pawasaplai nyingi za siku hizi zimetengenezwa ili feni ibaki imesimama mzigo unapokuwa mdogo, kwa hiyo pawasaplai nzima kabisa inaweza kutupwa kwa kuwa tu feni yake haikuzunguka. Kuna pia tatizo la rangi. Mpangilio nilioutaja wa zambarau, kijani na kijivu upo kwenye pawasaplai nyingi za bei ya chini na za zamani, lakini zile za kati na za juu mara nyingi hutoka kiwandani zikiwa na nyaya nyeusi tupu, na anayetumia kibanio analazimika kuhesabu matundu hadi la 16 kwa waya wa kijani na la 9 kwa waya wa zambarau, huku akikumbuka kwamba hesabu hugeuka kulingana na upande anaoitazama plagi. Testa inaondoa kazi hiyo yote, na kwa hilo pekee imenifaa.

Nije kwenye matumizi yenyewe. Kompyuta iliyokufa kabisa, isiyo na kitaa hata kimoja kwenye mazabodi, ndiyo inayompendeza mwenye testa, kwa sababu jibu linapatikana haraka. Unachomoa plagi ya pini 24 kutoka kwenye mazabodi, unaichomeka kwenye testa, unawasha swichi ya nyuma. Kioo kikibaki cheusi, usiseme bado kwamba pawasaplai imekufa. Badilisha kwanza kebo inayotoka ukutani. Plagi zetu za pini tatu za mtindo wa Uingereza zina fyuzi ndani yake, na fyuzi hiyo hukatika bila kuacha alama yoyote kwa nje, hasa katika nyumba ambazo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Kati ya pawasaplai nilizoletewa zikiwa na sifa ya kufa, ipo iliyofufuka kwa kubadilishiwa fyuzi tu. Testa haikujua habari za fyuzi, lakini kwa kuwa ilikuwa imeitenga pawasaplai na kompyuta nzima, haikuwa vigumu kuona kwamba vilivyobaki vya kushukiwa ni pawasaplai yenyewe na waya wa ukutani.

Anayenunua pawasaplai za mitumba azingatie jambo moja kabla ya testa kugusa chochote. Nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma yake, ya kuchagua kati ya volti 115 na 230. Zinazotoka Marekani huwekwa kwenye 115, na ukiichomeka hivyo katika soketi za Afrika Mashariki utasikia mlipuko, utanusa harufu, na testa itakuwa haina tena la kukuambia.

Kompyuta inayonivutia zaidi ni ile inayostuka. Kitufe kinabonyezwa, feni zinazunguka kwa nusu sekunde, zinasimama, na baada ya hapo hakuna kitu hata ukibonyeza tena. Wengi huita hali hiyo pawasaplai mbovu, lakini mara nyingi ni pawasaplai inayofanya kazi yake vizuri kabisa: imeona shoti mahali fulani, ikajizima ili isiunguze kitu, na nyingi zikishajizima kwa namna hiyo hukataa kuwaka tena mpaka umeme ukatwe kabisa kwa muda mfupi. Ukiichomoa, ukasubiri, kisha ukaiweka kwenye testa, itasoma vizuri katika kila volteji. Hapo testa inakuwa imekuondoa kwenye pawasaplai na kukuelekeza kwenye mazabodi, nayo ni huduma kubwa kwa sababu inakuokoa na gharama ya kununua pawasaplai usiyoihitaji.

Katika kompyuta ya kujiundia, shoti ya namna hiyo ina makao yake. Mazabodi hukalia vinguzo vidogo vya shaba vinavyofungwa kwenye bamba la kasha, na kasha huja na matundu ya kutosha mazabodi za ukubwa mbalimbali. Fundi akiacha kinguzo mahali ambapo mazabodi yake haina tundu la skrubu, kinguzo hicho hugusa miguu ya vipuri iliyotokeza nyuma ya ubao, na umeme hupata njia ya mkato kwenda kwenye bati la kasha. Dawa yake ni kuitoa mazabodi yote nje, kuilaza juu ya boksi lake la karatasi ngumu, na kuiacha na prosesa, feni ya prosesa, RAM moja na plagi mbili tu, ile ya pini 24 na ile ya pini 8. Kwa kuwa kitufe cha kasha hakipo, pini mbili zilizoandikwa PWR_SW hugusanishwa kwa ncha ya bisibisi kwa kitambo kidogo, na pini hizo hazina chanya wala hasi kwa hiyo hakuna la kuhofia. Kompyuta ikiwaka juu ya boksi, kosa liko kwenye kasha: kinguzo kilichozidi, skrubu iliyoanguka nyuma ya ubao, au kitufe chenyewe. Mojawapo ya mashine nilizozipima kwa testa hii ilikuwa na kinguzo cha aina hiyo, nayo testa ilikuwa imeonyesha volti 12.1, volti 5.0 na volti 3.3, namba safi ambazo asiyejua angezifasiri kuwa kifaa kimeshindwa kuona tatizo. Kilichokuwepo ni kwamba tatizo halikuwa upande wake.

Sasa udhaifu, na hapa sitakuwa mpole. Testa huipa pawasaplai mzigo mdogo mno, wa kuwasha kioo chake na pengine vipinga vichache ndani, ilhali kadi ya picha ya michezo peke yake inaweza kudai wati 200 na zaidi. Kuipima pawasaplai ya wati 550 kwa namna hiyo ni sawa na kumpima mchukuzi wa magunia akiwa amekaa kivulini. Pawasaplai ambayo kapasita zake, vipuri vinavyohifadhi umeme kwa muda, zimechoka inaweza kuonyesha volti 12.0 kwenye testa, kisha ikaporomoka mara tu kompyuta inapoanza kufanya kazi nzito, na mwenye kompyuta akabaki akibadilisha RAM na kadi ya picha kwa kuwa ameambiwa kwamba pawasaplai ni nzima. Hili nimeliona kwa kompyuta inayowaka vizuri, inayofungua Windows vizuri, na inayozimika ghafla kila mchezo unapoanza. Testa iliipitisha pawasaplai yake bila mlio hata mmoja. Ilipobadilishwa, kuzimika kukakoma.

Udhaifu wa pili ni tarakimu. Kioo cha testa ninayoizungumzia kinaonyesha nambari moja tu baada ya nukta. Kiwango cha ATX kinaruhusu volti 12, 5 na 3.3 zipande au zishuke kwa asilimia 5, na volti hasi 12 kwa asilimia 10. Maana yake ni kwamba volti 12 zinaweza kuwa kati ya 11.40 na 12.60, volti 5 kati ya 4.75 na 5.25, na volti 3.3 kati ya 3.14 na 3.47 kwa kukadiria. Sasa kioo kikiandika 3.1, je, pawasaplai ina 3.14, ambayo bado inaruhusiwa, au 3.06, ambayo hairuhusiwi? Kifaa hakisemi. Kwa volti 12 hali ni afadhali, kwa sababu nafasi inayoruhusiwa ni pana, lakini kwa volti 3.3 tarakimu moja haitoshi, na kukosekana kwa tarakimu ya pili katika kifaa ambacho kazi yake ni kupima volteji pekee ni ubahili nisioweza kuutetea.

Muda wa ishara ya waya wa kijivu, kwa upande mwingine, ni jambo ambalo testa hii hulifanya vizuri na ambalo multimita ya kawaida, kipimo cha umeme chenye ncha mbili, haiwezi kulifanya. Kiwango cha ATX kimetaka kwa miaka mingi ishara hiyo ifike kati ya milisekunde 100 na 500 baada ya volteji kutulia. Pawasaplai isiyoituma kabisa huleta dalili ya ajabu: feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini mazabodi haianzi, kioo cha kompyuta kinabaki cheusi, na mwenye mashine anaanza kuilaumu kadi ya picha. Testa huandika LL mahali pa ishara hiyo na kupiga mlio papo hapo. Kwa hitilafu hii nadra nampa mtengenezaji haki yake yote.

Kuhusu soketi, anayenunua afahamu mipaka. Plagi ya pini 24 ilichukua nafasi ya ile ya pini 20 mwaka 2003, na testa inazipokea zote mbili. Haina nafasi, hata hivyo, ya plagi ya pini 16 inayolisha kadi za picha za juu za miaka ya karibuni, wala ya kiwango cha ATX12VO chenye plagi ya pini 10 na volti 12 pekee. Vilevile kompyuta nyingi za ofisi za Dell na HP, ambazo huingia kwa wingi kama mitumba na ambazo vijana hupenda kuzigeuza kuwa mashine za michezo, zina plagi zao zisizofuata ATX, na testa haizigusi. Kwa hizo ni multimita tu.

Na kwa kuwa nimeitaja multimita, nilinganishe. Multimita ya bei nafuu husoma waya wa zambarau bila kuchomoa chochote: ncha nyeusi kwenye bati la kasha, ncha nyekundu nyuma ya plagi ya pini 24 ikiwa bado imechomekwa kwenye mazabodi. Volti 5 zikiwepo, pawasaplai ina uhai wa kusubiri. Zikikosekana, rudi kwenye kebo, fyuzi na swichi ya nyuma. Multimita hupima pia fyuzi yenyewe, hupima kama kitufe cha kasha kinaunganisha kinapobonyezwa, na hupima betri ya CR2032 ya mazabodi ambayo inapaswa kuwa na takriban volti 3. La muhimu kuliko yote, husoma volti 12 wakati kompyuta inafanya kazi nzito, jambo ambalo testa haiwezi kamwe. Hatari yake ni ncha kuteleza na kuunganisha nyaya mbili, na mkono unaotetemeka usijaribu. Anayeunda kompyuta yake moja na hana nia ya kutengeneza za wengine namshauri anunue multimita na aiache testa dukani. Anayeletewa mashine za majirani kila mara, au anayeuza vipuri, atafaidika na testa kwa sababu ya wepesi wake wa kuchuja, mradi multimita iwe kando yake.

Kuna matumizi ambayo karatasi ya maelekezo haiyataji, nami nayaweka juu kuliko mengine. Pawasaplai ambazo kebo zake huchomolewa pande zote mbili zina siri mbaya: upande wa mazabodi na diski umewekewa kiwango, lakini upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka. Kebo ya SATA ya pawasaplai moja inaweza kuingia vizuri kabisa katika pawasaplai nyingine, ikapeleka volti 12 pale zilipotakiwa volti 5, na diski ikaungua mara swichi inapowashwa. Sheria ni kutochanganya kebo hata kama pawasaplai zote mbili zina jina moja kwenye boksi. Lakini mwenye pawasaplai ya mitumba iliyokuja na kebo za kuokoteza hana uhakika zilitoka wapi, na kwake testa ni kinga: kila kebo ipite kwenye testa kabla ya kupelekwa kwenye diski. Hata kama testa yenyewe itaungua, imegharimu kidogo kuliko diski na vilivyomo.

Testa ikishathibitisha kwamba pawasaplai imekufa, isifunguliwe na asiye fundi wa kazi hiyo. Umeme wa volti 230 ukigeuzwa ndani yake huwa zaidi ya volti 320 za mkondo mnyoofu, na kapasita kubwa huweza kuzishikilia hata baada ya plagi kuchomolewa.

Wakati wa kununua, ichomeke testa kwenye pawasaplai yoyote nzima iliyopo dukani kabla ya kulipa. Angalia kama plagi ya pini 24 inaingia hadi klipu yake ikafunga, kwa sababu nimeona zenye soketi zilizolegea ambazo huandika LL kwa sababu ya mguso mbaya tu, na kifaa cha kupimia kinachodanganya namna hiyo ni afadhali kisiwepo. Tikisa plagi kidogo huku ukitazama kioo. Namba zikitulia, chukua; zikirukaruka, omba nyingine. Na ukiwa hapo hapo unanunua pawasaplai ya mitumba, ipime kwa testa hiyo hiyo mbele ya muuzaji, ukijua kwamba inayopiga mlio umeshaikataa kwa haki, na kwamba isiyopiga mlio bado unahitaji kukubaliana na muuzaji uirudishe ikizimika chini ya mzigo.